Rangi Tuliyoupaka Mlingoti Wako

Mjomba,

Shikamoo. Naitanguliza kwa mazoea, kwa kuwa hukuwahi kunipokea karakanani kabla ya kuisikia, hata pale mkono mmoja uliposhika chuma cha lehemu na mwingine ukiinua waya juu ya moshi. Ulikuwa ukiitika kwa pumzi moja: "Marahaba, usiguse kitu." Leo nitaendelea bila ya kuitikiwa.

Barua hii nakusomea hapa uani mwa stesheni yetu ya redio, Takaungu, mbele ya jamaa, majirani na wasikilizaji waliokuja kukuombea dua. Watanisamehe nikiwapa kisogo kidogo nizungumze na wewe. Wengi wao wanalijua nitakalolisema, maana walikuwamo. Aliyekuwa hajaambiwa ni wewe, na jambo lenyewe linauhusu mlingoti wako wa antena. Si haki lijulikane na mji mzima isipokuwa mwenyewe.

Siku uliyofariki, tangazo la kifo chako lilitoka katika mtambo ulioujenga kwa mikono yako. Rafiki yako wa Rabai alilisikia akiwa shambani, akayaacha majembe palepale, akafika kabla jeneza halijatoka nyumbani. Nalitaja mapema ili ieleweke tulichokaribia kukipoteza. Kwetu maiti hacheleweshwi. Anayeishi nyuma ya vilima, akiikosa redio, hukuta udongo umeshasawazishwa.

Baada ya hitima, watu walitaka kukufanyia jambo. Mkeo, Bi Zuhura, alikuwa ameshaingia eda, hatoki. Na kutoka mlango wa jikoni kwake, kitu kikubwa anachokiona ni huu mlingoti. Unajua alivyouita miaka yote. Akatuma neno: "Mke mwenzangu amechakaa. Mpambeni, nami nipate cha kutazama."

Basi ukapambwa. Katana, aliyepanda nawe mlingoti huu tangu ujana wenu, ndiye aliyeongoza kazi. Wakalegeza kila kiungo, wakakwangua kutu, wakapaka rangi nje na ndani, hata zile nyuso za chuma zinazofichika viungo vikishakazwa, pasibaki mahali pa kutu kushika. Ile mikanda yako ya waya wa kusuka, uliyoizungusha kwenye viungo ikaning'inia kama matambara, wakaifungua na kuiweka ndani ya gunia. Katana alikuwa akikutania juu yake tangu zamani: "Mzee, mlingoti umeutia hirizi, unaogopa kijicho?" Nawe ulikuwa ukicheka tu, hufafanui. Bi Zuhura aliwapikia mafundi wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mlingoti ukasimama mwekundu na mweupe, kama bibi harusi. Mimi nilikuja kutoka Malindi kuutazama, nikasema, na nilimaanisha, kwamba mjomba wangu ameheshimiwa.

Haukupita muda, mzimu ukaingia redioni.

Unaijua ile stesheni ya muziki iliyoinua antena yake jirani yetu. Ina masafa yake, nasi tuna yetu, hatugusani. Lakini watu wa Takaungu na Kilifi wakaanza kutusikia sote wawili kwa pamoja, mahali pa tatu, ambapo hapana yeyote kati yetu anayerusha. Na mahali hapo pana mwenyewe: ndipo inaposikika ile redio ndogo ya kanisa la Rabai. Mchungaji wao alinipigia simu kwa upole uliokuwa na miiba. "Binti yangu," akasema, "jana nimehubiri toba. Waumini wangu wa Kilifi wanasema wamesikia taarabu ya wivu na tangazo la magodoro. Ikiwa mnataka mimbari, ombeni, tutawapa siku."

Nilicheka. Wakaguzi wa masafa hawakucheka. Walikuja, wakapima, wakatuambia waziwazi: tuiondoe kasoro kabla ya ziara yao ijayo, la sivyo tuzime hadi itakapoondoka. Kamati ikakutana. Mmoja akasema mtambo umezeeka. Mwingine akasema, na hili ndilo lililoniuma, kwamba fundi amekufa na mashine yake inamfuata. Wakaniita mimi, uliyenifundisha kazi.

Mjomba, nilifanya kazi kwa mpangilio wako, kwa sababu sina mwingine.

Ulinifundisha kwamba kabla ya kumshitaki mtu, kishitaki kwanza kipimo chako. Mashine ya kupimia masafa, ikimezeshwa mawimbi makali kupita kiasi, huzusha mawimbi ya uongo ndani yake yenyewe na kuyaonyesha kwenye skrini kana kwamba yametoka nje. Nikachomeka mbele yake kile kipande kidogo cha kupunguza nguvu, cha desibeli kumi. Kama uongo unazaliwa ndani ya mashine, utaporomoka zaidi sana kuliko ukweli. Haukuporomoka. Vilele vyote vikashuka sawasawa, kumi kwa kumi. Mzimu ulikuwa wa kweli. Kipimo kikaachiliwa huru.

Nikauendea mtambo. Huenda mawimbi ya jirani yalikuwa yakishuka kwa waya wa antena yetu, yakaingia ndani na kuchanganyika na yetu humo. Nikaweka kati ya mtambo na antena kichujio kinachopitisha masafa yetu peke yake. Kama kosa lingekuwa la mtambo, mzimu ungedhoofika. Haukutikisika. Nilikaa mbele ya skrini ile nikafurahi kuliko inavyomfaa mtu aliyeshindwa. Mashine yako haikuwa imekufuata popote. Ilikuwa safi, kama ulivyoiacha.

Lakini shida ilikuwa bado ipo, na ilikuwa nje.

Aliyenipa ufunguo ni mvua, na sitajigamba. Siku mbingu zilipofunguka, nilikuwa karakanani naendelea kupima, na kile kilele cha mzimu kikazama mbele ya macho yangu mpaka kikapotea. Jua lilipotoka na vyuma vikakauka, kikarudi. Mtambo hauijui mvua, uko ndani ya nyumba. Kinachoijua mvua ni kilichosimama uani. Nikakumbuka ukiniambia, tulipokuwa tukila muhogo wa nazi pale barazani, kwamba pwani hii mshirika wetu wa tatu katika kila kazi ni chumvi, nayo haikosi kikao.

Nikapinda waya kuwa antena ndogo ya duara, nikaishika mkononi nikizunguka uani nikiisikiliza. Paa la mabati, kimya. Ua wa nyuma, kimya. Nilipoufikia mlingoti, sauti ikapanda. Nikamwomba Katana autikise mmoja wa nyaya zinazoushikilia. Akatikisa. Mzimu ukakatikakatika kama mtu mwenye kikohozi. Akatikisa tena, tukatazamana.

"Dada," akasema, "usiniambie."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Chuma kikimbana mwenziwe kwa usafi, mawimbi hupita na kuendelea na safari. Vyuma vikigusana nusunusu, na kati yavyo pana utando wa rangi na kutu mpya ya chumvi, kiungo hupitisha upande mmoja kwa hiari kuliko wa pili. Mawimbi ya stesheni mbili yakikutana mahali kama hapo huchanganyika na kuzaa la tatu, lisilo na mtambo wala mwenyewe. Rangi yetu ilikuwa ndiyo utando. Na zile hirizi zilikuwa njia uliyoyafungulia mawimbi, yapite juu ya kiungo bila ya kukigusa. Nilikwenda kwa mtunza kumbukumbu wa stesheni, naye akakumbuka: uliifunga mikanda ile pale jirani alipoanza kurusha. Uliuona mzimu huu ukiwa mchanga, ukaunyamazisha, ukashuka, ukanywa chai.

Kwa hiyo mlingoti ulitakiwa ukwanguliwe. Kila kiungo, mpaka chuma kitupu.

Hapo kazi ya vipimo ikaisha, ikaanza iliyo ngumu. Katana alikataa kwenda kumwambia Bi Zuhura. Kamati nayo iligundua ghafla kwamba mimi ni mwana wa nyumba. Nikavua viatu mlangoni pa Bi Zuhura, nikamkuta ameketi juu ya mkeka jikoni, mlango wazi, mlingoti mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilimweleza jirani, nikamweleza chumvi, nikamweleza utando. Nikasikia namna nilivyokuwa nikizunguka, nikaacha. Nikamwambia: "Bi Zuhura, ni rangi. Rangi ndiyo inayoiharibu redio."

Akaendelea kuutazama. Mjomba, mwanamke huyo alikuwa na mlango mmoja wa kutazamia dunia, na ndani ya mlango huo sisi tulitaka kulivua nguo jambo la pekee aliloomba. Niliona heri wakaguzi wazime kila kitu. Nilikuwa karibu kulitamka hilo.

Ndipo aliponiuliza: "Ile mikanda mbaya, aliifunga yeye mwenyewe?"

Nikamjibu ndiyo.

"Na rangi hajawahi kuipaka kwenye viungo?"

Hajawahi.

Kisha akasema: "Siku ya harusi yetu walimvisha joho kwa kumshika mikono. Alilivua kabla ya picha. Mimi nimekaa na mtu huyo umri wangu wote, halafu amekufa nikampamba." Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akainua sauti ili imfikie Katana, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta akidhani haonekani. "Katana! Toka hapo. Kakwangue. Na hicho kimkanda kimoja kikipungua, utakula kwako."

Walikwangua kwa msasa na brashi za waya mpaka viungo vikang'aa. Tukapaka grisi nyuso za ndani, tukakaza nati, tukairudisha mikanda yako kutoka ndani ya gunia, na iliyooza tukasuka mipya. Rangi tumeiacha kwenye mabomba peke yake, kati ya kiungo na kiungo, inapoukinga mlingoti na hewa ya bahari bila ya kumdhuru mtu. Kwa hiyo sasa una madoa: wekundu, kijivu chenye mafuta, weupe, kijivu, na matambara yakining'inia.

Nikawasha mtambo. Jirani yupo hewani, nasi tupo hewani. Kwenye skrini, palipokuwa na kile kilele, pana zile nyasi fupi za kelele ya kawaida ambazo ulikuwa ukiniambia nisizionee chuki, kwani ndizo zinazothibitisha kwamba mashine inasikiliza. Nikamwomba Katana autikise waya kwa nguvu zake zote. Nyasi hazikuinuka. Nikafungua redio ndogo, nikaupeleka mshale mahali pale pa tatu. Mchungaji wa Rabai alikuwa katikati ya mahubiri, anaongea juu ya subira, hana mpinzani. Bi Zuhura aliisikia kutoka jikoni, Muislamu wa watu, akasema sauti ya mchungaji ni nzuri lakini anakawia kumaliza.

Wakaguzi walirudi, wakapima, wakaridhika, wakaondoka. Stesheni haijazimwa. Wiki hiyohiyo tulitangaza msiba wa bibi mmoja wa Kilifi, na watu wake wakatelemka kutoka vilimani wakaiwahi sala.

Bi Zuhura ametoka eda. Yupo hapa, amekaa safu ya mbele, na amenikataza nisimtaje sana, nami nimeshachelewa. Asubuhi ya leo alisimama chini ya mlingoti kwa mara ya kwanza tangu ututoke. Aliutazama kutoka chini mpaka juu, akagusa mkanda mmoja kwa kidole, akafuta grisi kwenye buibui bila ya kujali. Akaniambia: "Afadhali hivi. Mke mwenza akipendeza mno, nyumba hailaliki." Kisha akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo. Sikumharakisha.

Mjomba, niliyotaka kukuambia yamekwisha. Watu waliupamba mlingoti wako kwa sababu walikupenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokaribia kuinyamazisha sauti yako. Sikuyaandika ili kumlaumu mtu. Nimeyaandika kwa sababu ungetaka kujua kasoro ilikuwa wapi. Ulikuwa huli mpaka ujue.

Nami naahidi mbele ya hawa. Kila kaskazi inapokatika, kabla ya mvua, nitakuja kutoka Malindi nipande na Katana, na siku Katana asipoweza tena, na yeyote nitakayekuwa nimemfundisha. Tutafungua viungo kimoja kimoja, tutasugua, tutapaka grisi, tutakaza, tutafunga mikanda. Na mara hii nitafafanua. Kila atakayepanda ataambiwa ile mikanda ni ya nini, ili asije mwingine akakuheshimu kwa kuifungua.

Mola akupe raha huko uliko, akusamehe ulipokosea, na mizani yako iwe nzito. Nakuaga, Mjomba. Mlingoti wako ni mbaya kama ulivyouacha.

Mpwa wako,
wa karakanani