Tunu Hakutoka Majini

Gisenyi, Jumamosi, Mei 1999. Asubuhi.

Mvua imekatika alfajiri na ziwa limetulia. Chai imepoa mbele yangu, sijaigusa. Lakini nimeamka nikiwa nimeamua, na safari hii sitajirudi.

Leo nitawaambia.

Ngoja niandike hapa kwanza, nikifika ufukweni ulimi usije ukanigomea. Kitabu ninachowasomea akina mama wanaoanika sambaza kila Jumamosi hakiishi vile nilivyowasomea. Ule mwisho wanaoupenda, ule wanaosalimiana nao njiani, Bi. Agripina Malembeka hakuuandika. Niliutunga mimi, papo hapo, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yangu yakiwa kwenye ukurasa wenye maneno mengine kabisa.

Nilipotoka Tabora kuja kuishi katika nchi ambayo wazazi wangu waliikimbia kabla sijazaliwa, nilibeba kitabu kimoja tu. Jalada lilishatoka, nikakishonea la kitenge. Ni riwaya ya Bi. Agripina, mwalimu wa shule ya msingi huko kusini mwa Tanzania, aliyeandika vitabu vichache na watu wakavisoma mpaka vikachanika. Shuleni kwetu tulikuwa tunapanga zamu ya kuazimana hiki. Mwalimu wa jiografia tulimfumania akikisoma chini ya meza huku sisi tunafanya mtihani, na siku hiyo tulinakiliana majibu kwa raha zetu.

Huku mimi ni karani wa ofisi ya komini, serikali ya mitaa ya huku. Jumamosi sina kazi, na ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa akina mama. Sambaza ni samaki wadogo, wakishatandazwa juu ya nyavu pale mchangani inabidi mtu akae nao mpaka wakauke, maana mwewe wa hapa hawana haya. Kazi yenyewe ni kukaa na fimbo. Siku moja nilikuwa nimekaa karibu yao nasoma kimya kimya, na Mama Konsolata, mkubwa wao, akaniuliza kwa nini ninakula peke yangu. Nikaanza kusoma kwa sauti. Wakati huo walikuwa wanne, sasa wamepita kumi. Wananiita Mama Tabora ingawa sina mtoto.

Riwaya ni ya Tunu, mwanamke anayevusha watu mtoni kwa mtumbwi. Mafuriko yanapokuja anavusha watoto wote wa kijiji, safari baada ya safari, halafu anarudi kumchukua mama mkwe wake, yule yule aliyemfukuza nyumbani. Anamfikisha ukingoni na kumsukuma juu. Mtumbwi unapinduka. Bi. Agripina hakuzungukazunguka: Tunu hatoki majini. Asubuhi watu wanaokota kafi lake, basi.

Tulifika ukurasa huo mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Wiki hiyo hiyo Dafroza alikuwa amemzika mume wake. Boti la uvuvi lilipinduka, wakamtafuta siku tatu. Jumamosi Dafroza akaja kwa samaki wake kama wengine, kichwa kimenyolewa, akakaa nyuma ya Konsolata na fimbo yake. Mimi nikafungua kitabu, nikaona kinachokuja, nikainua macho nikakiona kile kichwa. Mdomo ukasema wenyewe: Tunu akatokea chini kidogo ya pale, kwenye matete, matope mpaka kwenye nywele, anacheka.

Dafroza akacheka pia.

Nani angemnyang'anya kicheko kile? Mimi sikuweza. Nikafunga kitabu, nikarudi nyumbani najisifu.

Tangu hapo maneno yale yamekuwa salamu yao. Mmoja akirudi kutoka soko la Goma, hata kabla hajatua beseni, wenzake wanamuuliza, "Tunu ametoka?" Naye anajibu, "Ametoka, anacheka!" Miezi ile ya hofu, barabara haziaminiki na mtu akichelewa watu wanaanza kunong'ona, nilisikia salamu hiyo kila siku. Na nikiri: nilikuwa naifurahia. Nilikuwa napita kati yao kama mtu aliyeandika kitabu.

Kisha mwezi uliopita kaka yangu aliyebaki Tabora akanitumia barua, na ndani yake kipande cha gazeti. Bi. Agripina amefariki. Nilipowapa habari, akina mama walimlilia kana kwamba wamefiwa na dada. Walishuka pamoja wakanawa mikono ziwani, vile watu wa hapa wanavyonawa wakitoka kuzika. Konsolata akaagiza urwagwa, pombe ya ndizi, na kila mmoja akasema kitu anachompendea marehemu. Mmoja baada ya mwingine walisema: alimtoa Tunu majini. Kumi na mmoja walisema hivyo. Mimi niliirudisha glasi yangu chini bila kuionja.

Na sasa hili. Dafroza amejifungua Jumatatu, mtoto wa kike, mtoto wa yule marehemu. Siku ya nane, yaani keshokutwa, mama atatoka nje na mtoto na wageni wote watatoa majina, kila mmoja lake, kama desturi ilivyo. Lakini Dafroza ameshasema jina atakalolichukua yeye. Tunu, kwa sababu alitoka majini. Konsolata, aliyemaliza darasa la kusoma la kanisa Pasaka hii, anataka nimwachie kitabu ausome ukurasa ule mwenyewe mbele ya wageni.

Sitajipaka mafuta. Konsolata asingeomba kitabu, pengine ningenyamaza mpaka kufa.

Lakini jina huku si pambo. Mtoto anabeba alichoambiwa siku ile. Na huyu atabebeshwa jina la mwanamke aliyezama, baba yake naye alizama, na mama yake hajui kwa sababu mimi nilijifanya mwema. Halafu kuna yule mwalimu wa kusini. Watu wanampenda kwa neno ambalo hakulisema, na lile alilolisema kweli nimelificha chini ya kidole changu.

Haya. Nakwenda.

Jioni.

Nimerudi. Nitaandika yote.

Niliwakuta wote ufukweni isipokuwa Dafroza, maana bado yuko ndani. Sikukaa kwenye ndoo. Niliwaambia nimesimama, haraka, kama mtu anayejichoma sindano mwenyewe. Hakuna aliyeinua fimbo. Mwewe mmoja alishuka akabeba samaki mbele ya macho yetu na hakuna aliyemfukuza.

Konsolata ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe ulikuwa unatudanganya, Mama Tabora? Hii miezi yote?"

Nikasema ndiyo.

Akafunga kitenge chake vizuri. "Bon. Hapa si pa kusemea. Twende kwa mwenye mutoto."

Walimwachia mmoja wao samaki wote awalinde, akalalamika kwamba yeye atakosa, na hatukuwa tumefika mbali kabla hajatufuata. Sambaza wa leo, basi, ni wa mwewe. Tuliingia nyumbani kwa Dafroza tukajaa mpaka mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani. Alipoona sura zetu akadhani kuna aliyekufa, na nikajichukia kwa hilo pia.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumzungusha, kuhusu kile kichwa kilichonyolewa na huruma yangu. Yote yalinikimbia, nikabaki na yale mafupi: "Dafroza, Tunu alikufa. Kitabuni alikufa. Mimi ndiye niliyemtoa majini."

Hakunitazama mimi. Alikitazama kitabu.

"Soma vile ule mama aliandika," akasema. "Usikate kitu."

Nikasoma. Kurasa nne tu, lakini sijawahi kusoma kurasa ndefu hivyo. Watoto wa mwisho wanashuka, mama mkwe analia kwamba hastahili, kisha mto, kisha asubuhi, watu wamesimama ukingoni na yule mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeliona kafi. Nilipomaliza nilisikia tu mtoto wa Dafroza ananyonya. Kisha mama mmoja karibu na mlango akaanza kulia, na mwingine, na wakalia wote, bila kelele, vile wanavyolia watu waliokwisha kuzoea. Dafroza alilia pia. Mimi nilisimama na kitabu changu kama mgeni.

Alipofuta uso ndipo akanigeukia, na hasira yake ilikuwa imenyooka.

"Bwana yangu nilimutafuta mu maji siku tatu. Mutu alinificha kitu? Hapana. Nikamuona vile alikuwa, nikamuzika. Donc we dada, juu ya kitabu, ndio uliona sitaweza?" Akamhamisha mtoto upande wa pili. "Ulifikiri sisi hatujue kulia?"

Miezi yote nilidhani nimewapa zawadi. Kumbe nilikuwa nimewapima nikaona hawatoshi, wanawake ambao wamezika watu wengi kuliko miaka niliyosoma shule. Bi. Agripina hakuwajua kwa sura na aliwaamini. Mimi nakaa nao kila Jumamosi na sikuwaamini. Niliomba msamaha. Nilipiga magoti, ingawa hakuna aliyeniambia nipige.

Mama wa mlangoni akasema sasa lile jina basi, haliwezekani tena, mtoto wa mvuvi hapewi jina la mtu aliyebaki majini. Wengine wakakubaliana naye. Nilisubiri Dafroza aniambie nitoke.

Badala yake akauliza, "Ule mama aliyeandika, jina yake ya ubatizo ni gani?"

"Agripina."

Akalirudia polepole, mara mbili, akimwangalia mtoto. "Huyu mama hakuniona hata siku moja, lakini alijua vile maji inafanya. Alisema kweli. Mutoto ataitwa Agripina."

Konsolata akapiga kofi moja, wengine wakafuata, na chumba kikaanza kupumua. Kila mtu akataka kulijaribu jina mdomoni. Nikamwaza yule mwalimu aliyelala kaburini huko kusini, asiyejua kwamba ziwani huku kuna mtoto wa siku sita anayeitwa jina lake, wanawake wote wakimgombania kumpakata. Hapo ndipo nilipolia mimi. Nililia kwa furaha na kwa aibu, na sikujua kipi kilikuwa kingi.

"Na ile kicheko ya mu matete?" mmoja akauliza. Kumbe ilikuwa inamuuma kuipoteza.

"Ile ni ya Mama Tabora," Dafroza akasema. "Tutaibakisha. Lakini tujue ni ya nani."

Nikadhani yameisha. Kumbe Konsolata alikuwa bado ananitazama kwa jicho la mtu anayehesabu vidole vyangu. Akaniuliza kama kuna pengine nilipokata.

Ningeweza kusema hakuna. Nilisema kuna sehemu tatu.

Walipiga kelele wote kwa pamoja, "Yampaye inka!", kiapo cha mshangao cha watu wa hapa, na hata Dafroza akacheka, kicheko kifupi cha kukata tamaa na mimi. Hukumu ikatolewa hapo hapo. Jumamosi ijayo tunaanza upya, ukurasa wa kwanza. Konsolata atakaa ubavuni kwangu na kidole chake kwenye mstari, na nikiruka hata neno moja atanipiga kwa fimbo ya mwewe. Nimekubali. Alikuwa hatanii.

Sehemu mbili kati ya hizo niliziruka kwa ajili yao, au ndivyo nilivyojiambia. Kuna mmoja mtaani angeumia, nikakata. Hizo sina shida nazo, nitazisoma.

Ya tatu sijawaambia ni ipi.

Iko mapema, sura ya pili. Mama yake Tunu anafariki njiani familia inapohama, na wanalazimika kumzika kando ya barabara katika nchi ya watu na kuendelea kutembea siku ile ile. Ni ukurasa mmoja na nusu. Mama yangu tulimwacha kwenye makaburi ya Tabora siku mbili kabla ya kurudi kwetu, yeye aliyekuwa akitusimulia kila siku jinsi milima ya huku ilivyo. Lori lilikuwa linasubiri. Sikumlilia. Nilijiambia nitalia tukifika, tukafika, nikaanza kazi, nikanunua kitanda. Ukurasa ule sikuuruka kwa ajili ya Dafroza wala mtu yeyote. Sijausoma tangu mazishi, hata peke yangu, hata kwa macho tu.

Kwa mwendo wetu tutaufikia Jumamosi ya tatu kutoka leo.

Nitausoma. Nitausoma kwa sauti, mbele yao wote. Na sauti ikinikatikia katikati, kidole cha Konsolata kitakuwa pale pale kwenye mstari, naye sasa anajua kusoma. Atanimalizia.