Kabla sijaiita Mutarule

Jumanne. Mvua imeacha, ziwa limefifia, na miguu yangu imevimba hadi viatu vimekataa.

Nilidhani leo ningemaliza. Ninaijenga upya lugha ya programu ambayo mimi na binti yangu Furaha tuliichagua kwa sababu kompyuta zinazoitumia huzungumza kwa mbali, na moja ikizimika nyingine huendelea. Furaha ni muuguzi Mutarule. Mashine yake inayo tayari. Yangu, hapa Rugenge, iliharibika diski, nayo ni kuukuu mno, haikubali kitu kilichotengenezwa tayari. Lazima niijenge lugha yote kutoka msimbo wake, kipande kwa kipande. Barabara imefungwa na mapigano, mnara wa simu wa huko umezimika. Imebaki antena tuliyoifunga juu ya paa.

Asubuhi umeme ulikatika kazi ikiwa zaidi ya nusu. Mashine hii ikizimika husahau saa, na ikiwaka huuliza. Sikuweza kuinuka. Mke wangu akaiandikia: nne.

Saa nne asubuhi, kwetu. Kwa mashine, kabla ya alfajiri. Ikayaona mafaili yaliyojengwa kabla umeme haujakatika kama ya wakati ambao haujafika, ikawa inayarudia yaleyale bila mwisho. Nimegundua jioni.

Nilimfokea. Akacheka.

"Saa ine ni saa ine, Papa Furaha! Minye nitajua aje kama masini yako inaishi Ulaya?"

Kisha, polepole: "Ikiisha, tutamusikia?"

Nikarudi kwenye kioo.

Daktari hakunificha kwamba siku zangu ni chache, kwa hiyo sina muda wa kujipamba. Majirani nimewaambia ninatengeneza njia ya kuwatafuta waliopotezana na jamaa zao. Si kweli. Ninataka mashine moja tu ijibu.

Na kuna baya zaidi. Nilipoona siku nzima imeharibika, moyo wangu ulipata nafuu. Maadamu kazi haijaisha, ukimya wa Mutarule ni kosa la mashine yangu.

Waliounda lugha hii walikubali tangu mwanzo kwamba mashine moja itazimika. Mimi sijui walikubali vipi.

Tumeirekebisha saa pamoja, mimi na mke wangu, yeye akinishika bega. Mistari inapita tena kwenye kioo, vizuri, bila kosa. Mama Furaha amevuta kiti karibu, anaitazama kama anayeielewa.

Nami, Mungu anisamehe, ninaomba umeme ukatike.