Vifungo vya Irakiza

Dzaleka, 7 Julai 1996

Dada yangu mpendwa Mathilde,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote mnaolala chini ya paa lako hapo Kigoma. Mguu wako unaendeleaje? Sisi huku kambini Malawi tu wazima, ila baridi ya Dowa inatuonea kila asubuhi.

Uliniandikia kwamba kituo chetu cha watoto wanaochelewa kuelewa kikifungwa, nimkabidhi binti yako Irakiza, ninayemlea huku, kwa Honoré, akija huku na biashara zake, ili umweke ndani watu wasimcheke. Dada, nilikosa usingizi, maana kituo kilikuwa kweli kinakufa. Shirika lililokuwa likimlipa mwalimu na kuleta uji lilisema utaratibu umebadilika: sasa litasaidia tu vikundi vyenye kazi ya mikono.

Tukaamua kwenda Lilongwe kuwalilia wakubwa wake. Unatujua sisi: ofisini mtu haendi kama anatoka kulima. Tuliwashonea watoto nguo mpya kwa mabaki ya vitenge, tukazipiga pasi ya makaa, tukajipaka mafuta hadi visigino. Bwana wa ofisi akatutazama, akauliza wenye shida wako wapi, maana aliona watu wa harusini. Akasema zikomo, yaani asanteni, akatufungulia mlango tutoke. Nililia pale getini bila aibu.

Mwalimu wetu Esperance, ambaye hasira zake ziko karibu puani, akarudi ndani amemshika Irakiza mkono. Akamwambia yule bwana avute kifungo chochote kwenye nguo ya msichana. Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu, mpaka akacheka mwenyewe. Esperance akamweleza kwamba vifungo vyote vilishonwa na huyu, na pindo zilikunjwa na wenzake, hao hao wanaoitwa wajinga. Kama anatafuta kazi ya mikono, basi ameishika.

Dada, tulirudi na cherehani tatu! Tuliimba njia nzima, dereva akachoka na sisi.

Sasa tunashona sare za shule moja ya Biwi, kule Lilongwe. Mkono wa Irakiza ni wa polepole, na ukimharakisha anafumua na kuanza upya, lakini hakuna mzazi aliyerudisha shati. Akina mama waliokuwa wanaficha watoto wao sasa wanawaleta wenyewe, hata Wamalawi wawili wa kijiji jirani, na mchana tunakula nsima, ugali wa huku, sahani moja. Nikipita sokoni natembea kifua mbele, wanaonicheka wacheke.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Wewe ndiye mama yake, sikuthubutu kukukatalia. Honoré alipofika Jumatatu, nilikuwa nimeshamfungia Irakiza mzigo wake. Akautazama, akaufungua, akarudisha nguo zake msumarini moja moja. Kisha akaniambia: “Mi siendi. Mi iko na kazi.”

Mtoto ambaye hatukuwahi kumuuliza anataka nini, amekataa kwa kinywa chake mwenyewe. Nilifurahi mno. Sitamlazimisha. Honoré anakuletea barua hii, hakuletei binti. Ukimtamani, njoo wewe. Ila usije saa za kazi.

Wape salamu wote wanaotuulizia, na Mungu akutunze mpaka siku tutakapokumbatiana.

Mdogo wako akupendaye,
Générose