Mheshimiwa Hanywi Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa hajapata choo tangu Ijumaa. Anakaa kwenye mkeka, amekunja ngumi, anajikamua mpaka machozi yanamlenga — hola. Halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia. Miezi saba tu duniani, na tayari ana uso wa mtu anayesubiri kuombwa radhi. Ndiyo maana namwita Mheshimiwa.

Nimempigia baba yake. Yuko safarini na lori, kama kawaida yake nyumba inapowaka moto. Eti tumpe maji. Haya, asante daktari! Tangu tumwanzishie uji nahangaika na hayo maji. Kwa chupa anatema. Kwa kijiko anafunga mdomo kama kufuli. Kikombe kipya chenye masikio mawili na picha ya bata — kakitupa chini, bata kapasuka. Ziwa ananyonya, uji anakula, ndizi anapigania. Maji hataki hata kuyaona.

Kesho siwezi kuomba ruhusa. Nimetoka likizo ya uzazi juzi tu, na bosi ananihesabia hata pumzi. Nitamtuma shemeji ampeleke kliniki. Mungu anisamehe.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu. Alikuja kulala siku mbili mwaka jana. Sofa imeshachukua umbo lake.

Jumanne, 4 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Kutwa nzima nimesimama kaunta pale kwa dobi, napokea mashuka ya watu. Watu wanaleta uchafu wao kwenye mfuko halafu wananitazama kwa juu! Nami nawapa risiti na ule uso wangu wa macho nusu. Nimerudi hoi. Shemeji yuko kwenye sofa, miguu juu, anakunywa maji kwa kile kikombe chake cha bati. Hajui kunywa, huyu. Anavuta — sruuup! — halafu "Aaaah!", jengo zima linasikia.

Nikamuuliza mambo ya kliniki. Safi, shemeji! Mtoto mzima kabisa!

Mzima vipi? Nesi aliuliza nini?

Eti nesi kauliza, mtoto anapata choo? Naye kajibu — naandika kama alivyosema — "Ndiyo nesi, choo kipo, tena cha ndani, hatuchangii na mtu."

Cha ndani! Nesi akaridhika, mtoto akapimwa uzito, wakarudi zao.

Nikamwambia, wewe, kichwani kwako mna nini? Akakuna ndevu. "Sasa shemeji, si kauliza choo?"

Nimempa mpaka Jumapili awe amefungasha. Na mpaka hiyo Jumapili asinisemeshe. Mama yangu atakuja siku hiyo kumshika mtoto; mpaka hapo, nikiwa kazini, anabaki na huyu huyu. Mume wangu kwenye simu: mvumilie, yule ni damu yangu. Nikamwambia damu yako initokee kwenye sofa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda kliniki mwenyewe, bosi apasuke. Nesi akafungua kadi, akasema mbona jana baba mtoto alisema — "Siyo baba mtoto!" Foleni nzima ikageuka. Naapa, kuna mama mmoja alicheka.

Kambonyeza tumbo. Hakuna cha kutisha, kwa sasa. Niendelee kunyonyesha, nimpondee papai, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo, kwa kikombe cha wazi. Asali marufuku kabla ya mwaka. Tumbo likiwa gumu, akitapika, au nikiona damu, nikimbie hapo bila kungoja. Na nisimlazimishe. Eti mtoto huiga wakubwa.

Huiga! Nimezaa mtoto au kasuku?

Alhamisi, 6 Machi

Mwenzangu wa kaunta kaniambia nimpe asali. Nikamwambia nesi kakataza. Akasema manesi wa siku hizi ni watoto wadogo, hawajui kitu. Yeye mwenyewe hana mtoto, hana hata paka. Akanuna, nikashukuru.

Jioni nimejaribu kikombe cha kahawa, kifuniko cha chupa, ncha ya kidole. Kwenye kidole kaning'ata. Nikajaribu kwa kubembeleza, nikaimba. Maji yakamwingia mdomoni, akayatunza, akanisubiri nisogee — pyu! Usoni!

Shemeji kwenye sofa kakaza macho ukutani. Najua alikuwa anacheka kwa ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Mheshimiwa kalia tangu nimerudi. Tumbo limejaa, ingawa si gumu. Nimelikanda, nimemchezesha miguu kama baiskeli, kalala kwa kuchoka tu.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tunafunga saa sita. Nimepanda ngazi, mlango ulikuwa wazi. Nikasimama.

Shemeji kakaa sakafuni, kampakata Mheshimiwa. Shemeji kainua kile kikombe chake cha bati. Sruuup! Aaaah! Mheshimiwa kalirukia lile bati kwa mikono miwili, mdomo wazi, miguu inapiga. Shemeji kaliinamisha kidogo. Mwanangu akanywa. Mengine yakamwagika shingoni, lakini koo lilicheza, niliona. Akameza. Halafu — "Aaa!"

Haya yameanza lini?

Shemeji kaweka bati chini. Akanyoosha kidole kwenye mdomo wake.

"Ongea!"

"Tangu juzi, shemeji. Anaomba mwenyewe. Ulisema nisikusemeshe mpaka Jumapili."

Nilitaka kusema neno. Nikasema, mtoto hanyweshwi kwa bati lililobabuka ukingo. Hilo ndilo lililotoka. Akasema analichemsha kila asubuhi pamoja na vijiko. Tangu lini anajua kuwasha jiko?

Mchana nilikuwa naanua nguo kibarazani. Kelele ndani! Nikakimbia, nikajua mtoto kaanguka. Kumbe shemeji kashika nepi juu kama bendera.

"Shemeji! Choo kipo!"

Vigololi vitatu vigumu. Ni mwanzo tu, sijifanyi sijui. Lakini nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakumbuka nina hasira naye, nikanyanyuka.

Jumapili, 9 Machi

Kaondoka asubuhi. Mimi ningesema nini? Neno nilishalitoa, na mkoba alishaufunga. Kikombe kakiacha mezani, kimeoshwa. "Cha Mheshimiwa hicho." Sofa ina shimo.

Mama anafika jioni.

Saa nne nimechukua bati. Mheshimiwa kafunga mdomo. Nikanywa mimi kwanza, taratibu, kistaarabu. Wapi. Nikafunga madirisha, majirani wasinisikie. Nikavuta — sruup. Nikasema aah.

Mtoto akanitazama. Macho nusu, mdomo umekwenda upande mmoja. Uso ule naujua. Ndio ninaowapa wateja na risiti zao. Sikujua unauma hivi.

Amekunja ngumi tena. Anajikamua, analia.

Nimemtumia shemeji ujumbe: umesahau soksi zako.

Shemeji hana soksi. Hata kliniki alikwenda na ndala.

Kajibu: soksi gani shemeji?

Njoo uzione.

Niko kituoni, gari lishafika.

Nimekaa na simu mkononi. Kuandika neno moja tu, tafadhali, kumenishinda. Nikaandika: anakuulizia.

Kajibu: nakuja kuchukua soksi.

Nimepekua kabati la mume wangu. Nimepata mbili, moja nyeusi, moja ya mistari. Nimeziweka juu ya sofa. Mheshimiwa ameacha kulia, kageuzia kichwa mlangoni. Ndala hizo kwenye ngazi. Bati ninalo, nimelijaza, na sijui nianze na soksi au nianze na —

Hodi hiyo.