Siku Niliyolivua Gari la Ombati

Alhamisi. Asubuhi ukungu uliyafunika majani ya chai hadi wachumaji wakawa wanaitana kwa majina wasije wakapotezana. Sasa ni jioni, mvua imekatika, nina grisi mpaka viwikoni na sina hamu ya chakula.

Nyinyi mliozoea kuja hapa kwenye ukurasa wangu kutazama magari ninayoyachora kwenye gemu, leo hakuna picha. Naandika kwa sababu nisipoandika nitamfokea mtu, na aliye karibu ni Mama, ambaye hana kosa.

Nimelivua gari la kaka yangu.

Ombati ndiye anayenitangulia kuzaliwa. Gari lake ni saluni ndogo ya Kijapani, kuukuu, iliyoshuka Mombasa ikiwa imeshatumiwa na mtu tusiyemjua. Ukiiwasha, sauti ya mwanamke inaongea Kijapani kutoka kwenye kidude kilichobanwa chini ya usukani. Wengi wakinunua magari ya namna hiyo humnyamazisha siku ya kwanza. Ombati alikataa katakata. Alimpa jina la Shemeji, na kila asubuhi alimwamkia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwa heshima zote kabla ya kutia gia. Labda yule mama alikuwa anamwambia kuna kitu hakijachomekwa mahali pake, lakini kaka yangu alishikilia kwamba anamtakia safari njema.

Ugonjwa huu wa magari tuliupata kwenye gemu. Unaanza na gari la kawaida, la mtu anayekwenda sokoni, halafu unalishusha, unalivisha rimu pana, unalibandika bawa nyuma na michoro ubavuni, kisha unalipeleka kwenye barabara za milimani huko Japani zenye kona zisizoisha. Kilichotunasa ni kwamba tuliyatambua magari yenyewe. Yale ambayo vijana wa huko nje wanayaabudu kwenye skrini ndiyo hayahaya tunayoyaona sokoni Masimba yakipakiwa kabichi na mikungu ya ndizi. Ombati alisema sisi tunaishi na mastaa na hatujui.

Tukagawana kazi. Michoro yangu, mitambo yake. Na alikuwa na sheria moja: hakuna kinachofungwa kwenye gari la kweli kabla hakijajaribiwa kwenye gemu. Springi, ekzosi, bawa, kila kitu kilizungushwa kwanza kwenye ile milima. Kikipita, ndipo anapanda kwenda Kisii kwenye duka la spea la familia moja ya Kihindi. Mzee wa dukani alimwita Bwana Japani na kumuuliza safari hii skrini imesema nini.

Skrini haikujua kila kitu. Kwenye gemu, kadiri gari linavyokuwa chini ndivyo linavyoshika kona, basi tukalishusha hadi kidole kilikuwa hakipiti kati ya tairi na madigadi. Siku lilipofika nyumbani mara ya kwanza, lilikalia tuta la lango letu tumbo zima, magurudumu yakizunguka bure, na wachumaji chai wakaacha vikapu vyao wakaja kulinyanyua huku wamekufa kwa kicheko. Mtu mwenye akili timamu angeliinua gari. Ombati alichukua jembe akaishusha njia. Alichimba, akasawazisha, akamwaga changarawe, kutoka lango hadi barabara kubwa. Mpaka leo hakuna njia nzuri kama ile kijijini, na watu wanaisifu bila kutaja sababu yake.

Kila mtu alisema gari lile litamuua. Walisema kanisani, walisema sokoni. Wala hawakujua kwamba aliliendesha polepole kama anayebeba mayai, kwa sababu kila tuta lilikuwa adui.

Kilichomvunja ni mti. Alipanda mkaratusi wa Tata, yaani baba yetu, kukata matawi, tawi likaachia, naye akaanguka chali. Uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka hakuna kitu.

Mikono yake ni mizima, na hapo ndipo nilipojishikiza. Nilisoma kwamba kuna vyuma hufungwa kwenye usukani, mtu akakanyaga mafuta na breki kwa mkono. Fundi mmoja wa Kisii akaniambia gari likiwa la otomatiki, kama hilo letu, inawezekana, nilete tu vipimo. Nikakaa chini nikachora. Nilitaka kufuata sheria na kuanza kwenye gemu, nikatafuta kwenye orodha nzima ya vipuri, hakuna. Gemu lote linachezwa kwa vidole, hakuna anayetumia mguu hata mmoja, lakini aliyelitengeneza hakuwahi kumfikiria mtu asiye na miguu. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Nilimpelekea Ombati ule mchoro. Tangu atoke hospitali alikuwa amelala akitazama mabati, gemu hataki hata kuliona, ukimuuliza jambo anajibu sawa. Aliushika mchoro muda mrefu. Kisha akaniuliza breki itakuwa mkono gani.

Ni swali dogo. Lakini lilikuwa la kwanza.

Wiki hiyohiyo Tata akapata mnunuzi.

Tata si mtu mbaya, na ninaandika hivyo ili nisije nikasahau nikiwa na hasira. Hospitali inataka fedha na chai hailipi. Mnunuzi ni mzee wa kanisa kutoka Nyansiongo, anafuga ng'ombe, anataka gari la kubebea maziwa siku za kazi na mkewe siku ya Sabato. Sharti lake lilikuwa moja, vikorokoro vyote vitoke. Hakutaka waumini wamwone kwenye gari lenye bawa.

Nilimpelekea Tata mchoro wangu wa vile vyuma. Alivaa miwani, akautazama kwa makini kuliko nilivyotegemea, akanirudishia.

"Kerubo," akasema, "hiyo gari si miguu yake. Mkiendelea kuchorachora hivi, atalala hapo akifikiri ataamka."

Nikaukunja mchoro nikatoka.

Na hapa kuna jambo ambalo wasio wa kwetu hawataliona uzito wake. Ombati analala kwenye esaiga, nyumba yake ya ujana karibu na lango, na kwetu baba haingii nyumba anamolala mwanawe aliyekwisha kutahiriwa. Hata mwana akiwa hivi. Binamu yetu ndiye anayemwosha na kumgeuza, na Mama humwachia chakula mlangoni, mimi nikakiingiza. Kwa hiyo Tata hajamwona mwanawe uso kwa uso tangu siku alipobebwa kuingizwa mle. Siku ya kumpa habari ya mauzo alisimama nje, akakohoa, akauambia ukuta kwamba gari limepata mtu. Sauti ikajibu kutoka ndani, sawa Tata. Tata akabaki pale kidogo kofia mkononi, kisha akaenda zake shambani.

Ombati akaniita. Alisema hataki fundi yeyote aliguse, nilivue mimi.

"Usikate kitu. Fungua tu," akaniambia. "Za zamani ziko kwa store, nyuma ya mahindi. Nilizifunga na gunia."

Sikujua alikuwa ameziweka. Kila kipuri alichokitoa tangu mwanzo alikuwa amekipaka mafuta, akakifunga vizuri na kukihifadhi. Nilidhani tulikuwa tunakwenda mbele tu, kumbe mwenzangu aliacha njia ya kurudi.

Leo asubuhi nikaanza, nyuma ya nyumba kubwa, kwenye sakafu tunayoanikia mahindi. Kwenye gemu kuna kitufe cha kurudisha gari lilivyotoka kiwandani. Unakibonyeza, gari linapepesa, basi. Sijawahi kukifikiria kile kitufe. Leo nimelala chali juu ya saruji baridi, kutu ikinidondokea machoni, nikisukuma spana kwa miguu yote miwili, na kila nati iliyolegea niliona kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha kwenye ule mti.

Bawa lilitoka likaacha mashimo kwenye buti. Nikayaziba kwa gundi na rangi. Michoro yangu ya kubandika niliipasha moto kwa maji ya chai ya Mama, nikaibandua kwa ukucha. Rangi chini yake ilikuwa mpya, nyeupe kabisa, kwa hiyo hata baada ya kubandua umbo lake bado linaonekana ukisimama upande wa jua. Sikumwambia mnunuzi. Ndicho kitu pekee nilichomnyima.

Springi zilikuwa ngumu, na nilizigombeza. Gari likainuka juu ya jeki, likabaki juu hata jeki ilipotoka, limesimama wima kama mtoto aliyevalishwa kwa nguvu. Ekzosi ile nene, iliyokuwa ikiwafanya kuku wa jirani wakimbilie migombani, niliitoa nikafunga ya zamani, nyembamba. Nikawasha kupima. Ilibidi nitazame mshale kwenye dashibodi kujua kama injini inafanya kazi.

Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake. Nikachomoa waya.

Sijawahi kuchukia kazi niliyoifanya vizuri kiasi hiki.

Mvua ilianza mnunuzi akiwa ndiyo kwanza anashushwa langoni na bodaboda, ile mvua yetu ya kupiga mabati mpaka mkipeana chumvi mezani mnatumia ishara. Mzee mpole, mwenye mwavuli na viatu vilivyong'arishwa. Nilijiandaa kumchukia na hakunipa nafasi. Alilizunguka gari, akagusa pale nilipoziba, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa hii ni gari ya mtu," akasema, na alimaanisha kunisifu.

Aliuliza kama anaweza kuingia kumjulia hali kijana na kumwombea. Tata akamwambia amelala. Hakuwa amelala, na sote watatu tulijua tunavyokwepa. Waliinamisha vichwa pale kibarazani, wakaomba kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia ila Mungu kama alikuwa makini, kisha mzee akapanda, akarekebisha kiti, akarekebisha kioo. Kaka yangu ana miguu mirefu, kiti kilikuwa nyuma kabisa. Nilikitazama kikisogea mbele.

Gari lilipita mbele ya esaiga, likatoka langoni bila kugusa tuta lolote, likashika ile njia iliyochimbwa kwa ajili yake. Sikusikia kitu. Nililiona tu likienda, na kwenye mvua lile la mzee wa kanisa na mengine yote yanayopita barabara kubwa yalikuwa sawasawa. Kabla halijafika kwenye kona sikuweza tena kusema ni lipi. Mimi, niliyelijua hata gizani.

Tata aliingia ndani. Mama alisema kwa Ekegusii nile kitu, nikasema baadaye.

Nilingoja mvua ipungue ndipo nikampelekea Ombati uji. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nitasema limekwenda kwa mtu mwema, na nilikuwa nitasema vyuma vile vinaweza kufungwa kwenye gari lolote, siku yoyote, mchoro ninao. La pili nilikuwa siliamini lakini nilikuwa nitalisema.

Nikasukuma mlango. Alikuwa amejigeuza upande, peke yake, kwa mikono. Hajawahi kujigeuza peke yake. Jasho lilikuwa limemtoka na shati limejikunja kifuani, na uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, karibu kabisa na ukingo wa kitanda.

"Hawa watu hawakuji na hii mvua, ama?" akaniuliza.

Nilisimama na kikombe. Mabati yalikuwa bado yanadondosha.

Nikasema hapana. Nikasema watakuja kesho.

Alipumua. Akaniambia nikifika asubuhi nimfungulie mlango wote, nisiurudishe, kwa sababu kuketi hawezi lakini akilala hivi anaweza kulisikia linavyowaka na linavyotoka mpaka barabarani, na kwamba hilo tu linamtosha. Kisha akaomba uji, akaumaliza wote, wa kwanza kuumaliza tangu arudi.

Kesho nitamfungulia mlango asikie nini?