Stelingi ya Baba Marion

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimekuwa fundi wa gari! Mimi, Sella wa kufuma sweta za shule! Mzee wangu Maurice amerudi kutoka Kibera na boksi ya stelingi begani, ameibeba kama mtu amenunua mbuzi. Ati ndiyo ilikuwa imebaki gari liishe. Lile gari lake – fremu ya pikapu ya zamani, injini iko nje, magurudumu ya mbele yako wazi bila madigadi – limekaa hapa kwa ploti mpaka kuku wa Mama Aketch ametaga ndani.

Jioni akaniita. "Mama Marion, leta uzi." Nikaleta ule wa maroon. Tukaufunga kwa gurudumu la mbele, tukauvuta hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Anasema ukikata kona, tairi ya ndani lazima ipinde kuliko ya nje, ama zitaburutana. Uzi ndio unaonyesha. Nimelala chini ya gari nimeushika, nacheka peke yangu. Marion akachungulia akauliza kama niko sawa.

Jumatano, 6 Agosti

Shida. Kile chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele kinagonga tumbo la injini. Halafu Maurice, katikati ya kula omena – "Nakipitisha mbele!" Ati kisikae tena nyuma ya ekseli, kikae mbele yake. Ameacha sahani imejaa. Mkono wake bado una ugali, anashika welding!

Ijumaa, 8 Agosti

Mutinda, keateka anayechunga ploti, amekuja na uso wa matanga. Mwenye ploti amesema gari litoke Jumapili likijiendesha lenyewe, ama waitwe watu wa skrapu walikate chuma. Maurice alikaa tu akifuta spana moja, anafuta, anafuta. Nilitaka kumpiga Mutinda na sufuria.

Lakini jioni stelingi ilikaa! Nimepanda juu ya kreti, hiyo ndiyo kiti. Maurice amesimama mbele ya gari ananiangalia. "Kulia!" Nazungusha kulia. "Safi! Kushoto!" Nazungusha. "Safi kabisa!" Akaenda kuoga, mimi nikabaki. Kuvuta huku, magurudumu yanaenda kule. Kuvuta kule, yanakuja huku. Yananitii kuliko watu wa hii nyumba.

Jumapili, 10 Agosti

Haki! Wacha niandike pole pole.

Tumetoka kanisa, ploti nzima iko nje. Maurice na suti yake amewasha. Moshi! Vifijo! Anakata kushoto aelekee geti – gari likaenda kulia, moja kwa moja kwa kamba za nguo. Likabeba shuka za watu na shati la Mutinda. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Kamba ile ingine. Benard wa nyumba ya mwisho, huyo ni dereva wa lori miaka mingi, akasema, "Shuka, wacha wenye kazi." Wenye kazi! Alibomoa mabati ya bafu. Bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani.

Mutinda ametoa simu, anapigia skrapu. Maurice ameangalia chini. Sijui nini ilinishika. "Wacha nijaribu."

"Mama Marion, hujawahi endesha hata baiskeli."

Nikapanda na nguo ya kanisa. Benard akanitilia gia ya kwanza, akanionyesha klachi. Mimi sikuangalia geti. Niliangalia yale magurudumu tu, kama ile Ijumaa. Nikavuta huku, yakaenda kule. Tukatoka! Tumepita geti! Pale stejini ya 56, wanawake wametoka saluni nusu ya kichwa imesukwa, wanapiga kelele. Maurice anakimbia kando yangu, tai iko mgongoni. "Unafanya aje?!"

"Si ukitaka kulia unavuta kushoto? Si ndio gari?"

Akasimama katikati ya barabara. Akashika kichwa. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kupeleka chuma mbele kuligeuza kila kitu! Na Ijumaa alikuwa ameniangalia kutoka mbele, kulia yake ilikuwa kushoto yangu, hakuona. Mimi nilidhani magari yote ni hivyo!

Tumeliegesha uwanja wa kanisa, huko Satellite. Pasta amekubali.

Jumanne, 12 Agosti

"Dereva, niaje!" Soko nzima! Nimefuma sweta moja mikono mitatu.

Alhamisi, 14 Agosti

Maurice na Benard wamegeuza boksi kichwa chini. Sasa kulia ni kulia. Hawakuniambia. Nilijaribu, nikaingia kwa rundo la mchanga. Hakuna aliyecheka – hiyo ndiyo mbaya.

"Ingeua mtu, Sella," Maurice akasema.

Ni kweli. Najua ni kweli. Lakini angeniita. Hata nishike uzi tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Uwanjani. Naandika haraka. Watu wamejaa kuona nikiendesha, wengine wametoka Kibera, wanaimba "Mama Marion! Mama Marion!" Hawajui stelingi imegeuzwa. Maurice ameenda kutafuta petroli, akaniambia nichunge gari. Nimekaa pa dereva. Nazungusha kidogo. Kichwa kinajua, mikono haijui.

Anarudi na jerikeni. Wanampisha. Amemwaga petroli kwa tangi, amefunga kifuniko. Anakuja upande wangu. Sisogei! Wacha aniambie nishuke, mbele ya watu.

Amesimama. Ananiangalia. Ameweka ufunguo juu ya goti langu.

Sasa anazunguka ule upande mwingine – anapanda! Ameshika fremu na mikono miwili kama mtu anayetolewa jino. Nimemuuliza kama ana uhakika. Ati, "Hapana. Washa." Nimewasha! Benard naye yuko kando, anaweka gia –