Baba, Meza Yako Tumeifungua

Baba,

Leo sikuandikii kwa kulia. Nina habari, na nikiendelea kukaa nayo nitapasuka. Meza yako ya kuandikia tumeifungua. Tulia kwanza, ngoja nieleze.

Tangu ututoke, misumari imeadimika Kariakoo nzima. Ukiuliza duka la ushirika unaambiwa labda wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika unaambiwa vivyo hivyo. Na huku sisi maseremala wa ushirika tumeagizwa madawati arobaini ya shule, watoto wanasomea sakafuni. Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, akaambiwa tukishindwa hadi mwisho wa mwezi, kazi watapewa wengine, na banda la Mchafukoge pia. Banda lako, Baba.

Hapo ndipo waliokucheka wakakukumbuka. Si walikuwa wakisema mtu wa Newala gani huyu, kwao wachongaji, meza yake haina hata ua moja la nakshi? Miguu minne, droo moja, mninga mtupu. Sasa wakakumbuka kwamba haina hata msumari. Ila hakuna aliyejua ulivyoiunga, maana uliunga peke yako na viungo vyote ukavificha ndani. Mimi nilikuwa mtu wa msasa tu. Niliporudi kutoka kwa mume ulinipa msasa badala ya maswali, ukasema, "Mwaka wa kwanza msasa, wa pili maungio." Huo wa pili hukuusubiri. Nilikukasirikia kwa hilo, nakiri.

Mzee Athumani akaja nyumbani na msumeno. "Zuhura mwanangu, tukate kona moja tu, tuone ndani." Mama alipanda juu ya meza, akakunja miguu, akasema, "Anzeni na mimi." Nguo zako zilishagawanywa, Baba, amebaki na meza hiyo tu.

Nikawaomba siku moja. Nikalala chali chini ya meza, nikafumba macho, nikaipapasa kama ninavyopapasa mbao baada ya msasa. Ulikuwa ukinisuta kila siku: "Macho yanadanganya, uliza vidole." Basi vidole vikajibu. Kwenye kila mguu, upande wa ndani, kuna kipande cha ukubwa wa ukucha, na nyuzi zake zimelala kinyume na nyuzi za mguu. Kabari! Nikaigonga kwa nyundo ya mbao, ikatoka, na mguu ukateleza mkononi mwangu. Mama akapiga yowe akidhani nimevunja. Kumbe ndani ni ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake, na kabari ndiyo inayoubana. Basi, hiyo tu. Mzee mjanja wewe.

Jana dawati la kwanza lilisimama. Mzee Athumani, unaujua mwili wake, alilikalia akajitikisa kusudi, wala halikulia. Mafundi sita, watu wazima na ndevu zao, wananiuliza mimi wapime wapi. Mmoja akathubutu kusema msasa tuuache, unatuchelewesha. Nikamwangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia mimi, akauchukua mwenyewe. Nina furaha, Baba, na ninaona aibu kidogo kuwa na furaha mapema hivi.

Lala salama. Nakuahidi madawati yote arobaini yatatokea bandani kwako, na banda halitatutoka.

Kuna jambo moja Mama halijui. Kabari ya mguu mmoja wa kushoto ilipasuka nilipoigonga. Nisamehe. Nimechonga nyingine kwa mkono wangu, nimeirudisha. Sasa hivi Mama ameegemea upande huohuo, anakunywa chai yake, na meza haitikisiki.

Mwanao,
Zuhura